Picha za Albertville Zilizohifadhiwa Dublin

Ukimuuliza mtu wa Kalemie, au mtu wa Kigoma mwenye asili ya ng'ambo ya ziwa, pa kutafuta picha za zamani za Kongo, atakujibu Ubelgiji. Hajakosea. Wabelgiji ndio waliotawala, na nyaraka nyingi waliondoka nazo. Lakini picha ya kwanza ya ndugu wa bibi yangu kuwahi kuonekana katika ukoo wetu haikutoka Brussels. Imetoka Ayalandi, kwenye bati la biskuti la familia ya askari aliyekaa Albertville, mji tunaouita leo Kalemie, mwaka 1960. Kuifikia kulinigharimu fedha, usingizi na machozi, na kulinifundisha mambo ambayo sikuyakuta popote yameandikwa kwa Kiswahili. Ndiyo maana nayaandika.

Nianze na jinsi Waayalandi walivyofika kwetu, maana vijana wengi habari hii hawaijui. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akatangaza kwamba jimbo hilo limejitenga. Umoja wa Mataifa ukaomba majeshi, na Ayalandi, nchi ndogo ambayo hadi hapo ilikuwa haijatuma batalioni nzima kulinda amani ng'ambo, ikakubali. Mwishoni mwa Julai Batalioni ya 32 ikaenda Kivu. Mwezi uliofuata Batalioni ya 33 ikapelekwa Albertville na kutawanywa Katanga Kaskazini, kando ya reli na barabara za ndani. Walishuka kwenye ndege wamevaa sare nzito za sufu, kwenye joto la ziwa. Hadi shughuli ilipofungwa mwaka 1964, askari wapatao 6,000 wa Ayalandi walikuwa wamepita Kongo, na 26 hawakurudi hai.

Wengi wa hao walikuwa vijana ambao hawajawahi kutoka nje ya nchi yao, na kwao kulikuwa na mama, wake na wachumba waliokuwa wakisubiri barua. Wakaandika. Wenye kamera wakapiga picha: treni, soko, watoto, wanawake wa kando ya maji. Barua na picha hizo sehemu yake iko leo kwenye hifadhi za nyaraka, na sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, bado imo majumbani, chini ya vitanda na juu ya makabati.

Upande wetu hapakuwa na kitu. Babu alifanya kazi Filtisaf, kiwanda cha nguo cha Albertville, na bibi aliuza samaki. Wakati wa vurugu za mwaka 1964 walivuka ziwa kuja Kigoma na vitu vya kubebeka mkononi, na picha haikuwa mojawapo. Nilikua nikisikia kwamba bibi alikuwa na dada mkubwa, mrefu, mwenye sauti, aliyekuwa akigombana bei na wanajeshi wa kofia za bluu mpaka wanacheka. Alifariki kabla sijazaliwa. Sura yake hakuna mjukuu aliyeijua. Nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Dublin, kwenye fani isiyo na uhusiano wowote na historia, nilijiambia kwamba nikiwa huko nitatafuta.

Kabla ya safari nilikwenda Ujiji kwa shangazi, mtu mwenye kumbukumbu kuliko wote waliobaki. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza nia yangu. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, utazitambuaje? Wewe hata Kalemie yenyewe hujafika." Swali lile ndilo lililoniokoa. Tulikaa naye jioni kadhaa na simu ikirekodi. Sikumuuliza habari za siasa. Nilimuuliza soko lilikuwa upande gani wa reli, wanawake walipanga samaki juu ya nini, nani alikuwa na baiskeli, kambi ya wazungu wa Umoja wa Mataifa ilionekanaje ukitokea mto Lukuga, dada yake bibi alifungaje kilemba. "Upande," akasema, akaonyesha kwa mkono, "fundo linakuja juu ya sikio la kushoto. Hakuna mwingine aliyefunga hivyo." Niliandika hilo bila kujua uzito wake.

Kwa hiyo, kama una nia hii, nenda kwa wazee kabla hujaandikia ofisi yoyote. Hifadhi ya nyaraka haifi haraka, mzee anakufa. Na usimuulize mambo makubwa. Muulize paa lilikuwa la nini, mti ulikuwa wa nini, nguo ya sikukuu ilikuwa rangi gani. Picha huwa zimejaa vitu hivyohivyo.

Jambo la pili ni majina ya miji. Usipoyajua, utarudi mikono mitupu. Hakuna askari aliyeandika Kalemie, Likasi au Lubumbashi. Waliandika Albertville, Jadotville na Elisabethville, kwa sababu majina hayo yalibadilishwa baada ya wao kuondoka. Orodha za hifadhi hufuata maandishi ya mwenye kuandika. Tafuta kwa jina la kikoloni, kisha kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, maana askari aliandika jina la kijiji kama alivyolisikia. Nyunzu nimeiona imeandikwa kwa namna ambazo mtu wa Nyunzu mwenyewe asingeitambua. Tafuta pia kwa namba ya batalioni. Huko ndiko nilikopata mafanikio, kwa sababu jeshi hupanga karatasi zake kwa vikosi, si kwa vijiji vya watu.

Nilianzia Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, iliyoko Bishop Street. Kadi ya msomaji ni bure; unaonyesha kitambulisho chenye picha na ushahidi wa anwani. Pale kuna majalada ya serikali, pamoja na ya wizara ya mambo ya nje: simu za maandishi, ripoti, barua za mabalozi. Ni muhimu kwa anayetafuta historia ya siasa. Kwa anayetafuta uso wa bibi yake, hayana mengi. Maktaba ya Taifa ya Kildare Street inayo magazeti ya miaka ile kwenye mikrofilamu, nayo kadi yake ni bure. Chuo kikuu cha University College Dublin, UCD, kinahifadhi karatasi za Conor Cruise O'Brien, Muayalandi aliyekuwa mwakilishi wa Umoja wa Mataifa Katanga mwaka 1961. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya kujitenga kwa Katanga aanzie hapo.

Kwa askari wa kawaida mahali ni Hifadhi ya Nyaraka za Jeshi, ndani ya kambi ya Cathal Brugha, mtaa wa Rathmines. Ni kambi hasa, yenye lango na mlinzi, na huingii bila miadi. Unaandika barua pepe mapema, unasema unatafuta nini, wanakupangia siku na kukutolea makasha. Kuna historia za vikosi zilizoandikwa kule kule Kongo, kuna picha, na kuna mikusanyo ya watu binafsi iliyotolewa na familia. Majalada ya utumishi ya askari mmoja mmoja ni habari nyingine: hayo hupewa mhusika mwenyewe au ndugu zake wa karibu, na ni haki kabisa.

Ndani ya chumba cha kusomea hakuna kalamu ya wino, ni penseli tu. Begi linabaki nje. Jalada linalazwa juu ya mto wa sponji ili mgongo wake usivunjike, na ukurasa unaotaka kujifunga unashikwa na kamba nzito iliyovikwa kitambaa. Picha unaweza kupiga kwa simu yako bila mwanga, baada ya kujaza fomu. Nakushauri kila kasha unalofungua upige kwanza lebo yake, kisha lebo ya bahasha, ndipo upige karatasi. Wiki mbili baadaye ukiwa na mamia ya picha kwenye simu, lebo hizo ndizo zitakazokuambia nini kilitoka wapi, na bila namba ya kasha hakuna mtunza nyaraka anayeweza kukusaidia.

Barua nilizosoma siku za mwanzo zilikuwa karatasi nyepesi za ndege, zenye maandishi ya kubana kufuata pambizo ili nafasi isipotee. Mwandishi anamwambia mama yake kwamba nanasi hapa linanunuliwa kwa bei ya kiberiti. Anauliza ng'ombe fulani amezaa? Timu ya wilaya imeshinda? Analalamika juu ya vidonge vya malaria na sare ya sufu. Hapa na pale kuna sentensi za Kigaeliki, lugha yao ya asili, ambayo Kongo waliitumia pia kwenye redio ili wanaosikiliza wasielewe. Niliwapenda watu wale. Sikutegemea.

Halafu nikafika Novemba.

Mimi ni Mluba kwa upande wa baba. Asili yetu ni Nyunzu. Tarehe 8 Novemba 1960 doria ya askari 11 wa Ayalandi, ikiongozwa na Luteni Kevin Gleeson, ilifika kwenye daraja la mto Luweyeye karibu na Niemba, ikakuta limeharibiwa. Wapiganaji wa Kiluba wakawashambulia. 9 walikufa, 2 wakanusurika. Mwili wa mmoja wa waliokufa, Anthony Browne, haukupatikana hadi mwaka 1962. Mazishi yao Dublin yalijaza mitaa watu kwa maelfu, na hadi leo jina la Niemba kwa Muayalandi mzee ni jeraha. Upande wa pili wa habari, ambao wazee wetu huusimulia na wanahistoria wanaukubali, ni kwamba vijiji vya eneo lile vilikuwa vimechomwa na askari wa Tshombe walioongozwa na mamluki wa Kizungu. Kwa aliyetoka kuchomewa nyumba, Wazungu wenye bunduki waliokuja kwa barabara ileile walikuwa walewale.

Nilisoma barua zilizoandikwa wiki ile. Nilisoma jinsi watu wa ukoo wangu walivyoelezwa, maneno ambayo siyarudii hapa. Nilikuta pia kwamba jina la kabila letu liliingia kwenye Kiingereza cha mitaani cha Ayalandi kama tusi, na likakaa huko miaka mingi. Siku ile nilifunga kasha kabla ya muda, nikatoka, nikatembea kando ya mfereji nikilia, sijui namlilia nani: vijana 9 wa watu, au sisi. Sitakudanganya kwamba mtu huzoea. Ukienda kufungua makasha ya vita vilivyogusa kwenu, jiwekee mtu wa kumpigia simu jioni. Mimi nilikuwa na kaka yangu Kigoma, ambaye hakuwa akisema mengi ila hakukata simu.

Katika makasha yale niliona picha nyingi za watu wetu, lakini maelezo ya nyuma yalitaja majina ya Waayalandi peke yao. "Koplo fulani akiwa na wenyeji." "Sajini fulani na wanawake sokoni." Askari wanajulikana hadi namba zao za jeshi, mwanamke aliyesimama katikati ya picha, anayetazama kamera usoni, ni mwenyeji tu. Tangu hapo niliacha kujiona mtu anayekuja kuomba. Dublin kuna karatasi, lakini nusu ya habari ya karatasi hizo iko Ujiji, iko Kalemie, iko kwenye kambi na mitaa ambako watu wa Katanga wametawanyika, na hakuna anayeweza kuitoa isipokuwa sisi.

Nilijaribu kulisema hilo mahali pamoja, ambapo sitapataja. Nilipeleka majina mawili ambayo shangazi alikuwa ameyatambua kutoka kwenye nakala niliyomtumia, nikaambiwa maelezo ya picha hayabadilishwi kwa neno la kwenye simu. Iliniuma, ila nilirudi nimejipanga. Nilimwandikia shangazi tamko la ukurasa mmoja: jina lake, mwaka na mahali alipozaliwa, anamfahamuje mtu wa pichani, amemtambua kwa alama gani, tarehe aliyoiona picha. Akasaini, na kijana wake akashuhudia. Nikaambatanisha namba ya kasha na ya picha. Nikawakumbusha kwamba Maktaba yao ya Taifa imekuwa ikiweka picha za zamani mtandaoni na kuwaomba wananchi wasaidie kutambua mtaa na mwaka, na majibu ya wananchi yanathaminiwa. Kama mstaafu wa Cork anaaminika kumtambua mjomba wake, shangazi wa Ujiji naye aaminike. Walipokea. Usiende na maneno matupu. Nenda na karatasi yenye saini, kwa sababu karatasi ndiyo lugha ya watu wale.

Lile bati la biskuti nililipata kupitia wastaafu. Wanajeshi waliotumikia Umoja wa Mataifa wana chama chao, IUNVA, na kila Novemba wanakumbuka Niemba. Niliwaandikia nikisema mimi ni nani na natafuta nini: barua au picha za Albertville, Agosti hadi Desemba 1960. Sikuficha kabila langu. Baada ya kimya kirefu binti wa askari mmoja, mama mtu mzima wa mji mdogo katikati ya nchi, alinijibu kwamba baba yake amefariki na kuna vitu nyumbani, nije ninywe chai.

Niliogopa safari ile kuliko mtihani wowote. Mlangoni nikarudia kwa mdomo niliyoyaandika, kwamba sisi ni Waluba, ili asije akaona nimeingia nyumbani kwake kwa hila. Akanitazama, akasema, "Baba alisema siku zote kwamba mliwadhania ni wazungu wa Tshombe. Ingia, kuna baridi." Tukakaa jikoni. Akafungua bati. Barua zilifungwa kwa utepe kufuata miezi. Picha zilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, zenye kingo za meno meno. Nyuma ya mojawapo, kwa wino wa bluu: wanawake, Albertville, Oktoba 1960. Wanawake wanne wamesimama nyuma ya vikapu vya samaki, nyuma yao maji. Watatu wanatazama chini. Wa nne mrefu kuliko wenzake, mdomo wazi kama aliyekatizwa katikati ya neno, na fundo la kilemba liko juu ya sikio la kushoto.

Sikusema kitu. Niliomba ruhusa ya kuipiga. Na hapa nieleze njia niliyoifuata, kwa sababu tamaa ya kupata huharibu ushahidi. Sikumwambia shangazi ninamdhania nani. Nilimtumia picha ikiwa faili, si kama picha ya kawaida ya WhatsApp, maana WhatsApp huikandamiza na nyuso zinakuwa ukungu. Nilimtumia pamoja na nyingine kadhaa ambazo sikuzijua. Na nilimtumia pia mzee mwingine wa Kigoma, aliyekuwa kijana wa reli enzi zile, bila kuwaambia kwamba wote wawili wanaulizwa. Wazee wetu wana upole, ukimuuliza "huyu si fulani?" atakubali ili akufurahishe. Uliza tu, "Unaona nini hapa?"

Shangazi alirudisha ujumbe wa sauti. Dakika ya kwanza ni kilio peke yake. Kisha akamtaja, dada yake bibi, akataja na wa pili kutoka kulia kuwa jirani yao, na akasema vikapu vile vinasukwa na watu wa upande wa Moba. Mzee wa reli alimtaja mtu yuleyule kabla hata sijamaliza kusalimia. Kwenye picha nyingine walipingana: mmoja alisema kijana aliyepanda juu ya behewa ni fulani, mwingine akamtaja mdogo wake. Nimeandika majina yote mawili, na nani alisema lipi. Msiwalazimishe wazee wakubaliane.

Kuhusu gharama nitasema wazi. Hifadhi zenyewe karibu zote ni bure kuingia. Kinachomaliza fedha ni kulala na kula Dublin, ambako chumba ni ghali kupita kiasi, na malipo ya nakala zenye ubora wa kuchapisha, ambayo kila taasisi ina yake. Anayetoka Tanzania au Kongo anahitaji viza ya Ayalandi. Ya kuingia mara moja ilikuwa Euro 60 nilipomsaidia binamu yangu kujaza maombi. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haifai, hata kama unatokea Brussels kwa saa moja na nusu ya ndege, kwa sababu Ayalandi haimo katika Schengen. Binamu alikuwa nusura akate tiketi kabla ya kujua hilo.

Lakini wengi wenu hamhitaji kusafiri. Mtunza nyaraka akipata swali fupi na lenye mipaka, mara nyingi atakutazamia, na kwa kurasa chache anaweza kukutumia nakala. Andika hivi: mahali kwa majina yote mawili, la zamani na la sasa, miezi na mwaka, kikosi kama unakijua, unachotafuta. Aya moja. Ukimwandikia historia nzima ya ukoo hatajua aanzie wapi. Na usiishie Ayalandi. Mafaili ya Umoja wa Mataifa yenyewe yako New York, na jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, lina picha nyingi mno za Kongo. Wasweden nao walikuwa Katanga.

Kuna watu wetu hukata tamaa kwa kuambiwa kwamba karatasi za kwao ziliungua. Kwa hilo Waayalandi wanakuelewa kuliko unavyodhani. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la Four Courts lililipuka na hifadhi ya nyaraka za serikali ikateketea, kumbukumbu za karne nyingi, zikiwemo karibu sensa zote za nusu ya kwanza ya karne ya 19. Nilipoiona tarehe ile nilishtuka: ni tarehe yetu ya uhuru. Miaka 100 baadaye, mwezi Juni 2022, wakazindua hazina ya kidijitali iliyojengwa kwa kukusanya nakala kutoka kwingine kote, barua iliyonakiliwa London, daftari lililobaki Belfast. Kazi hiyo ndiyo inayotakiwa kwa Kalemie, kwa Manono, kwa Nyunzu. Nakala ziko. Zimelala kwa watu.

Binti wa askari ameamua kulitoa bati lote Hifadhi ya Jeshi. Tulikaa pamoja kuandaa orodha, yeye upande wa majina ya rafiki za baba yake, mimi upande wa kwetu, shangazi akiwa kwenye simu. Yafaa mjue kwamba barua, hata ukiishika mkononi, hakimiliki yake ni ya aliyeiandika na warithi wake, na kwa Ayalandi hudumu miaka 70 baada ya kifo chake; hivyo kabla ya kuchapisha chochote omba ruhusa kwa maandishi. Sisi pia tuliomba kwa wajukuu wa yule jirani wa pichani, kwa sababu nao wana haki ya kusema. Walikubali, wakaomba nakala moja. Picha zilizogandishwa kwenye albamu kwa gundi hatukuzibandua. Acheni kazi hiyo kwa wenye vifaa. Utepe wa barua tuliuacha kama ulivyofungwa.

Bado nina picha ambazo hazijapata mwenyewe. Mojawapo ni ya vijana watano mbele ya stesheni, mmoja ameshika baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na nyuma imeandikwa Nyunzu na mwezi wa Oktoba. Kama una mzee aliyekuwa Nyunzu, Niemba, Kabalo, Manono au Albertville kati ya 1960 na 1964, kaa naye wiki hii, muulize juu ya stesheni, juu ya baiskeli, juu ya wazungu wa kofia za bluu, na urekodi sauti yake. Ukiishakuwa na sauti hiyo, ndipo uandikie Dublin.